Ndoo Mbili za Mama Mjumbe

Watu wameniambia niajiri mwandishi. Nimekataa. Mie niliishia darasa la nne, lakini kalamu naijua, na wenye digrii zao huwa wanasubiri kwenye benchi nje ya ofisi yangu mpaka nimalize chai. Nyumba yangu ya ghorofa pale Chanika sikuchorewa na mtu. Niliichora mwenyewe kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na mpaka leo haina ufa. Kwa hiyo hata haya ya Mama Mjumbe naandika mwenyewe. Binti yangu atachapa tu, na nimemwonya asinisahihishe.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake. Alikuwa mtu wa bara, hilo ulimi wake ulilisema kila alipotaja "r". Mie nilimkuta Chanika tayari ni mjumbe wa shina letu, na jina lake la ubatizo sikuwahi kuliona mpaka mwezi uliopita, liliposomwa msalabani tukimzika. Hata mchungaji wake alimwita Mama Mjumbe.

Na kabla sijamsifu, niseme jambo ambalo kila anayesoma inabidi alibebe tangu mwanzo kama nilivyolibeba mie kwa miaka kumi na miwili. Shimo alilozama mjukuu wake, Eliza, nililichimba mimi.

Wakati huo sikuwa bosi. Nilikuwa na makoleo matatu na vijana wawili. Tulikodi kwa mdomo kipande cha shamba hapohapo Chanika, mali ya mtu mmoja wa Segerea. Segerea ya uraiani, si ya gerezani, ingawa kwa tabia zake tuliona siku yoyote angevuka upande wa pili. Mchanga wa juu ulikuwa wa kawaida tu. Lakini chini, kina cha watu wawili kusimamiana mabegani, tukakuta mshipa wa mchanga mweupe, safi, ule ambao fundi wa plasta akiuona anasahau hata kuuliza bei. Mshipa ule haukushuka chini. Ulikwenda pembeni. Nasi tukaufuata pembeni kama panya, tukaacha paa la udongo juu ya vichwa vyetu. Kila mchimba mchanga anajua kwamba hilo ni kosa, na kila mmoja wetu analifanya. Tulipoondoka palikuwa na pango la hatua saba, mtu mzima anaingia akiinama. Masika yakaja, shimo likajaa maji, tukabeba makoleo yetu tukahamia kwingine. Kufukia? Nani alikuwa anafukia siku zile?

Eliza alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Viatu vyake, soksi na begi vilikutwa ukingoni vimepangwa vizuri. Alikuwa ameingia kunawa miguu, kwa sababu bibi yake hakutaka mtu aingie ndani na tope.

Vijana walizamia siku mbili. Walipapasa chini kote kwa mikono na kwa miti mirefu, hawakuona kitu. Siku ya tatu asubuhi mtoto akaelea mwenyewe katikati ya maji, mahali ambapo kila mtu alikuwa amepapasa mara kumi.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema chunusi, lile jini la majini, amemchukua na amemrudisha. Wengine, na hawa ndio waliokuwa wengi, wakauliza: siku mbili alikuwa wapi? Wakamtazama mjomba wake, mtoto wa mwisho wa Mama Mjumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kumpitia Eliza shuleni na siku ile alichelewa. Wakasema alimficha mahali, kisha akaja kumtupa. Kijana akakaa kituoni siku tatu, akaachiwa, hakukuwa na la kumshika nalo. Polisi walimwachia. Mtaa haukumwachia. Akikaa kwenye benchi la kahawa, benchi linabaki lake peke yake. Mwisho akahamia Kimbiji, huko pwani ya Kigamboni, akalima mihogo, asirudi.

Mie nilikuwepo pale shimoni siku zote tatu. Vijana wangu wawili walikuwa wamesharudi kwao, na mwenye shamba hakuwahi kuulizwa. Nilileta kamba. Nilisimama na kamba yangu, na nilijua mtoto yuko wapi. Mdomo wa pango ulikuwa umezibwa nusu na udongo ulioporomoka, mikono ya wale vijana ilikuwa inaupita bila kuujua. Nilisema moyoni, watamwona sasa hivi, hakuna haja ya mimi kusema. Halafu nikasema, watamwona kesho. Mtu akiniuliza leo nilikuwa naogopa nini, jibu ninalo: jela. Wala silipambi.

*

Sasa nimseme yeye.

Kesi zake alizisikiliza juu ya mchele. Ukigombana na jirani ukaenda kwake, hakuulizi kitu. Anawakalisha mkekani, anawaletea ungo mmoja uliojaa mchele wa mawe, anasema, "Chambueni kwanza." Kuna siku nilikuwa pale kuomba barua ya utambulisho, nikawakuta akina mama wawili waliogombania kuku aliyetaga uwanja usio wake.

"Mwanamke mdomo kama spika ya msibani wewe!"

"Na kuku wako mwizi, kafundishwa na mwenyewe!"

"Nani mwizi? Nani mwizi? Mama Mjumbe, unamsikia?"

"Nasikia," akasema bila kuinua macho. "Nasikia mnaongea. Sisikii mawe yakidondoka."

Wakachambua. Robo saa ya kwanza walichambua kwa hasira, mchele unaruka. Robo ya pili mmoja akasema mawe ya siku hizi yamefanana na mchele mpaka mtu unatafuna. Mwingine akacheka. Ungo ulipokwisha hakuna aliyekumbuka yai, na Mama Mjumbe alikuwa na mchele safi wa wiki nzima. Nilimwambia, "Mama, wewe ni mfanyabiashara kuliko mimi." Akasema, "Wewe unauza mchanga, baba. Mie natoa mawe tu."

Uongo aliuchukia. Mtoto akidanganya kwamba hakula sukari, anamsimamisha uwanjani mpaka aseme. Lakini huyohuyo alikuwa anaandika barua kwamba fulani ni mkazi wa shina hili kwa miaka kumi, na fulani mwenyewe ameteremka juzi na godoro lake kichwani. Nilimuuliza. Akaniambia, "Huo ni uongo wa karatasi. Karatasi haina moyo, haiumii. Uongo wa mdomoni ndio unaomkaa mtu." Sikupenda alivyonitazama. Labda hakunitazama kwa namna yoyote, labda ni mimi tu.

Alikuwa mwanakwaya, sauti ya tatu, na Maulidi ya mtaa wetu hayakuanza bila yeye kukagua pilau. Alikuwa mkali wa usafi kuliko hospitali. Lakini baada ya Eliza, sakafu yake ikawa ya watoto wote wa mtaa na tope lao lote. Walipita sebuleni na miguu myeusi wakienda kunywa maji, naye anakaa anazitazama zile alama za miguu. Hakupiga deki mpaka jioni. Nyingine nyembamba nyembamba aliziruka kwa fagio, akaziacha zikauke zenyewe. Niliwahi kumkuta amezisimamia. Nilirudi nyuma bila kubisha hodi.

*

Mfuko wa Eliza ulianzia kwenye arobaini. Ndugu walitaka kaburi la marumaru. Watu wa ofisi walikofanyia kazi wanawe wakubwa walitaka kuchanga ada za wasichana. Mama Mjumbe alisimama na kanga yake ya msiba akasema hapana.

"Hela mtakula. Nawajua, na mimi mwenyewe najijua. Mfuko wa mjukuu wangu nataka uwe wa kifusi. Chanika imejaa mashimo. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya siku yake, tutafukia shimo moja. Kila mtu ndoo moja. Aibebe kwa mkono wake."

Watu walidhani msiba umemzidi. Lakini mwaka wa kwanza tulifukia shimo lilelile la Eliza. Ilichukua Jumamosi nne, maana mtaa ulikuwa haujajua bado jinsi ndoo zinavyokuwa chache mbele ya shimo. Baada ya hapo tukafukia la nyuma ya zahanati, la njia ya msikitini, na lile baya la karibu na shule. Kama mwaka huo hakuna shimo, tunafunika visima vya wazi. Watu walikuja hata kutoka Temeke na Kinondoni, ndugu wa watoto wengine waliozama mahali pengine, wakiwa na udongo wa kwao kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Mmoja alisafiri nayo mapajani njia nzima.

Ndoo moja, mkono wako. Hakumpunguzia mtu. Mwaka wa uchaguzi alikuja mheshimiwa mmoja na lori zima la kifusi, fulana na kamera.

"Mheshimiwa, karibu. Ndoo ile pale."

"Mama, nimeleta lori!"

"Nimeliona. Lori halina mikono. Mjukuu wangu alitolewa kwa mikono."

Mheshimiwa akacheka kwa ajili ya kamera, akachota, akabeba. Hatua kama ishirini, kamera ilipogeuka, akampa mlinzi wake.

"Mheshimiwa!" Sauti ya Mama Mjumbe ilisikika mpaka barabarani. "Hiyo imekufa. Rudi ukachote nyingine."

"Rudi! Rudi! Rudi!" watoto wakadakia. Akarudi. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Na nasikia kura za mtaa wetu alizipata nyingi kuliko kwingine, kwa sababu ya ile ndoo ya pili.

Mie nina malori manne ya tani kumi na tano. Ningeweza kufukia Chanika nzima kwa mwezi mmoja. Nilibeba ndoo kama wengine, madereva wangu wakinipigia honi na kunicheka. Lakini yeye mwenyewe ndiye pekee aliyeruhusiwa kubeba mbili. Ya kwanza aliimwaga akisema, "Ya bibi." Ya pili akaiinua polepole, mgongo wake haukuwa mzuri, akasema, "Ya mjomba. Yuko mbali." Hakuna aliyeitikia. Kila mwaka pale watu walitazama viatu vyao. Wenye maneno walikuwa hawasemi tena kwa sauti, lakini ukimya ule ulikuwa unasema.

Na mimi niliyejua nilikuwa nimesimama kwenye mstari uleule, ndoo mkononi.

*

Jambo lililonimaliza ni kwamba alinipenda. Kwa sababu ya ile kamba. Kwenye matanga alisema mbele ya watu wote, "Huyu kijana ana moyo. Wenzake walikuja kutazama, yeye alikuja na kamba." Nilipopata lori la kwanza alikuja kuliombea, akaweka mkono kwenye boneti. Nilipojenga, alisema Mungu ananilipa kwa siku ile. Kila nilichopata alikiandikia sababu hiyohiyo. Mie ni mtu wa kujisifu, sikatai, nimetoka kwenye koleo mpaka hapa bila mjomba serikalini. Lakini sifa zake zilikuwa zinaniingia kama mchanga ndani ya kiatu. Huwezi kuvua mbele za watu.

Na kila mwaka, tukishanawa mikono na kunywa chai, aliuliza swali lake. Hakumuuliza mtu maalumu.

"Siku zile mbili. Alikuwa wapi?"

Wachungaji walimjibu kwamba alikuwa mikononi mwa Mungu. Akasema, "Sawa. Lakini mwili wake. Ulikuwa wapi?"

Malori yangu yanapomwaga mchanga mkavu, mwisho kabisa kuna sauti nyembamba, *shhh*, kama mtu anayekuomba unyamaze. Nimeisikia sauti hiyo mara ngapi katika maisha yangu? Baada ya Eliza nilianza kusimama mbali na lori likimwaga. Madereva wanadhani naogopa vumbi.

Kisha ardhi. Shimo la Eliza lilifukiwa likawa uwanja, pakaota nyasi, na watoto wa darasa la tatu wakawa wanaimba pale kila Jumamosi ya mfuko kabla ya ndoo ya kwanza. Lakini kila masika yakipita, upande mmoja ulikuwa unashuka. Kwanza kiganja, mwaka mwingine goti. Mafundi walisema kifusi kinajipanga. Wazee walisema chunusi anavuta. Mama Mjumbe akasema, "Basi tutaongeza," na kila mwaka kabla ya shimo jipya tulianza kwa kuongeza pale. Hakuna mwingine aliyejua kwamba tulikuwa tunamwaga udongo juu ya paa la pango, na chini yake kuna uwazi wa hatua saba. Watoto wanaimba, wanapiga miguu chini kwa mdundo, na macho yangu hayatoki kwenye ile miguu. Nilihesabu nani yuko upande upi. Nilikuwa nawaambia walimu, "Sogeeni huku kwenye kivuli," na walimu walinisifu kwa kuwajali watoto.

*

Mwaka jana, Alhamisi kabla ya siku ya mfuko, mbuzi wa jirani alizama pale mpaka tumboni. Alisimama tu anakula, ardhi ikafunguka. Watu walimtoa wakicheka, wakimpiga picha.

Mie sikucheka. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Saa nne asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anaosha ndoo zake mbili kwa majivu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Za mchanga?"

"Nzuri. Mama, kesho watoto wasiimbie pale."

"Kwa ajili ya yule mbuzi?" Akacheka. "Panatitia kila mwaka. Ndiyo maana tunaleta ndoo."

"Hapatitii kwa ajili ya mvua."

Akaendelea kusugua. "Ila kwa ajili ya nini?"

"Chini kuna pango. Linakwenda pembeni. Hatua saba."

"Nani kakwambia?"

"Nimelichimba mimi, Mama. Shimo lile ni langu."

Mkono wake ulisimama ndani ya ndoo. Nilikuwa nimejiandaa na mengi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa kuitiwa watu. Hakufanya hata moja. Aliimwaga ile ndoo taratibu, akaigeuza juu chini, akaikalia.

"Linaingia mtoto?"

"Linaingia mtu mzima."

"Siku zile mbili."

"Siku zile mbili alikuwa humo. Hakuna aliyemficha. Maji ndiyo yalimwingiza, na maji ndiyo yalimtoa."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza, Mama."

Nilimwona anahesabu kitu, midomo inatembea bila sauti. Kisha akauliza, "Pango liko upande gani?"

"Wa mkorosho. Ule uliokatwa."

"Mkorosho," akasema. "Walinitandikia kanga pale. Wakasema, Mama, jua kali, kaa kivulini. Nilikaa pale siku zote mbili. Sikuondoka hata kwenda kulala."

Alitazama chini, si kwangu, akaiweka miguu yake sawasawa juu ya simenti kama mtu anayesikiliza kwa nyayo.

"Basi nilikuwa naye," akasema.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Mie ambaye nikiingia benki meneja anasimama. Nilitaka kupiga magoti, nikaanza kusema, "Mama, nisamehe," akainua kidole tu.

"Mwanangu ana miaka kumi na miwili Kimbiji."

"Najua."

"Unajua," akasema, kana kwamba analionja lile neno. "Kila mwaka nabeba ndoo yake, na wewe uko mstarini unajua. Kesho utasema. Kabla ya ndoo ya kwanza. Mie umeshaniambia, yangu imekwisha. Utawaambia wao. Na mwanangu utamtaja kwa majina yake yote matatu."

"Watachoma malori yangu, Mama."

"Yana bima?"

"Yana bima."

"Basi."

*

Nilisema. Watoto tuliwaweka barabarani, mbali. Nilisimama mbele ya watu wenye ndoo, nikasema shimo ni langu, pango ni langu, ukimya ni wangu. Nikamtaja mjomba wa Eliza kwa majina yake matatu, nikasema hakuwa na kosa hata la kucha. Mzee mmoja ambaye tulikunywa kahawa pamoja miaka yote alikuja mpaka nilipo, akamwaga ndoo yake ya udongo juu ya viatu vyangu, akaondoka. Wengine wakafuata wakiwa wamebeba ndoo zao vilevile zimejaa. Mama mmoja, ambaye najua kwamba ndiye aliyewahi kusema kwa sauti kubwa kuliko wote kuhusu yule kijana, alikaa chini palepale akaanza kulia, na hakuna aliyemwinua.

Mama Mjumbe alivunja sheria yake siku ile, mara moja tu. "Leo lete mashine," aliniambia. "Ulichochimba wewe hakifukiwi na ndoo za watu." Nilileta kijiko changu cha kuchimbia, nikakiendesha mwenyewe, leseni ninayo. Nilifungua upande wa mkorosho mpaka pango likaonekana. Lilikuwa bado lipo, kavu juu, jeusi ndani, na alama za makoleo yetu ukutani kama zimechimbwa asubuhi ile. Yeye alisimama ukingoni akalitazama muda mrefu. Watu wachache waliobaki hawakumsogelea. Nilijaza mawe, nikashindilia, nikaweka udongo kwa matabaka, nikashindilia tena. Kazi ya siku mbili. Kama nilivyosema, najua kazi yangu.

Polisi nilikwenda mwenyewe, maelezo yangu wanayo. Malori hayakuchomwa. Wateja wa Chanika walipungua mpaka nikawa nauza Mbagala. Matofali ninayofyatua kwa mchanga wangu bado ni bora kuliko ya mtu yeyote upande ule, na atakayebisha aje na nyundo. Lakini salamu za mtaa zimekuwa fupi.

Wiki iliyofuata mjomba wa Eliza alikuja Chanika kwa mara ya kwanza. Hakukaa. Alikuja na pikapu ya kukodi kumchukua mama yake. Watu walijaa kumsaidia kubeba vyombo, wengi kuliko vyombo vyenyewe, kila mmoja anataka kushika japo sufuria. Aliwaachia washike. Hakumnyima mtu mkono, wala hakutabasamu na mtu. Mie nilitazama nikiwa ng'ambo ya barabara.

*

Nilikwenda Kimbiji mwezi wa kwanza mwaka huu. Ile barabara ingekuwa yangu ningeifumua yote. Gari lilikwama mara mbili, nikafika na tope hadi magotini.

Mjomba alikuwa uwanjani anaanika mihogo kwenye turubai. Aliniona, akaendelea kuanika. Mama Mjumbe alikuwa kibarazani, amepungua sana, mikono imekuwa mifupa na bangili. Nilisimama chini ya ngazi.

"Shikamoo Mama."

Hakuitikia.

Mie nina miaka hamsini na mitatu. Nimenyimwa vitu vingi, mikopo, viwanja, hata mke wa kwanza wazazi wake walininyima. Marahaba nilikuwa sijawahi kunyimwa. Shikamoo yangu ilibaki hewani, hata yule anayeanika mihogo anaiona. Nikarudia, kwa sababu sikujua jingine la kufanya.

"Shikamoo Mama."

Alinitazama miguu, lile tope. Nilirudi nyuma nisije nikachafua baraza. Akaonyesha kwa kidevu ngazi ya chini, pale panapokanyagwa. Nikakaa. Tulikaa hivyo mpaka turubai likajaa mihogo yote na yule kijana akaingia ndani bila kunipita karibu.

"Limetitia?" akauliza.

"Halijatitia, Mama. Nimepita leo kabla ya kuja."

"Hata kidole?"

"Hata kidole. Niliweka mawe mpaka juu. Nilishindilia mwenyewe, matabaka tisa. Nyumba ya ghorofa inaweza kukaa pale."

Nilikuwa naanza kujisifu, na nilijisikia naanza, na sikuweza kunyamaza. Nilimweleza ukubwa wa mawe. Nilimweleza mashine. Akaniacha nimalize yote.

"Masika bado," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Mwezi wa pili nikapigiwa simu na mwenyekiti wa mtaa. Tulimzika Chanika karibu na Eliza. Mjomba alirusha koleo la kwanza, na watu wote walisubiri amalize ndipo wakasogea. Mimi nilisogea mwisho.

Leo ni mwezi wa tatu. Mvua kubwa ya kwanza imeanza tangu asubuhi, na huku nje huoni hata geti. Binti yangu anauliza kama nimemaliza ili aanze kuchapa. Nimemwambia bado. Nimevaa buti, nimekaa na hizi karatasi, nasubiri ipungue kidogo niende kutazama upande wa mkorosho.